Ngazi za Azuchi: Ziara ya Familia katika Magofu ya Ngome ya Samurai

Mwenyezi Mungu Mtukufu amewaamrisha waja wake, katika sehemu nyingi za Kitabu chake, watembee katika ardhi na watazame ulikuwaje mwisho wa waliowatangulia. Tunapoisikia amri hiyo, fikra zetu huenda kwa Adi na Thamudi, kwa Firauni na kwa watu wa Nabii Lut. Sisi tulijaaliwa kuitekeleza, mwezi Novemba uliopita, katika nchi ambayo haitajwi sana katika darasa zetu, nayo ni Japani.

Tulikuwa watu watano: baba, mama, watoto wawili, na shemeji yetu anayesomea uhandisi katika mji wa Osaka. Kwa kuwa yeye ndiye aliyeijua lugha na njia, tulimfanya kuwa amiri wa safari kama sunna inavyotufundisha. Tulitoka Osaka baada ya Alfajiri kwa treni, tukapita Kyoto, tukashuka katika stesheni ndogo ya Azuchi, mkoa wa Shiga, upande wa mashariki wa ziwa Biwa, ambalo ndilo ziwa kubwa kuliko yote nchini humo. Kutoka stesheni tulitembea kwa miguu chini ya nusu saa, tukipita kati ya mashamba ya mpunga uliokwisha kuvunwa, hadi tukafika chini ya kilima kilichofunikwa na miti. Urefu wake ni mita 199 tu kutoka usawa wa bahari. Juu ya kilima hicho ndipo ilipokuwa ngome ya Oda Nobunaga.

Msomaji atapenda kumjua mtu huyu. Kwa desturi ya Wajapani jina la ukoo hutangulia, basi Oda ni ukoo na Nobunaga ndilo jina lake. Alizaliwa mwaka 1534, zama ambazo Japani ilikuwa imegawanyika mikononi mwa mabwana wa vita, kila mmoja na eneo lake na masamurai wake, yaani watu wa upanga waliokula kiapo cha kumtumikia. Nobunaga alianza na jimbo dogo, akawashinda majirani mmoja baada ya mwingine, mpaka akaushika mji mkuu wa Kyoto na sehemu kubwa ya katikati ya nchi. Alikuwa hodari, na alikuwa mkali. Mwaka 1571 aliuzingira mlima Hiei, palipokuwa na mahekalu makubwa ya watawa wa dini ya Budha waliompinga, akayachoma moto na kuua watu wengi waliokuwamo.

Mwaka 1576 aliamuru ngome ijengwe Azuchi, akamkabidhi usimamizi Niwa Nagahide, mmoja wa majemadari wake. Ngome nyingi za kabla yake zilijengwa kwa ajili ya kujificha na kupigana. Hii ilijengwa ili ionekane. Mnara wake mkuu, uliokamilika mwaka 1579, ulipanda zaidi ya mita 30 juu ya kilele, ukiwa na sakafu saba pamoja na ile ya chini ya ardhi. Mchoraji mashuhuri wa zama hizo, Kano Eitoku, alipewa kazi ya kuchora kuta za ndani. Sakafu ya juu kabisa ilipambwa kwa dhahabu, na ile iliyo chini yake ilikuwa na pembe nane na nguzo nyekundu. Wakati huo maji ya ziwa yalikizunguka kilima pande tatu, hata msafiri wa mashua aliuona mnara ukimeta kutoka mbali.

Leo hakuna mnara, wala ukuta wa mbao, wala paa. Kilichobaki ni mawe.

Langoni tulilipa kiingilio, maana kilima ni mali ya hekalu la Sokenji, lililojengwa na Nobunaga mwenyewe. Tukachukua fimbo za mianzi, tukaanza kupanda. Ngazi kuu imenyooka kwa takriban mita 180, pana kiasi cha watu wengi kupanda bega kwa bega, na vidato vyake ni vya mawe mazito yasiyolingana, kimoja kifupi na kingine cha kufika gotini. Kushoto na kulia viko viwanja vilivyosawazishwa, ambavyo kwa mapokeo vinasemwa kuwa nyumba za majemadari wa Nobunaga: kushoto Hashiba Hideyoshi, kulia Maeda Toshiie. Majani ya miti yalikuwa yamegeuka mekundu na manjano, na ukimya ulikuwa mkubwa.

Hatukwenda mbali tukakuta kibao kando ya ngazi. Shemeji alitusomea: jiwe lililo mbele yetu, lililolazwa kama kidato, lilikuwa sanamu dogo la Budha lililochongwa. Mbele kidogo likaonekana jingine, na jingine tena. Nobunaga alikuwa na haraka, na kilima kilihitaji mawe mengi mno, basi mawe yalikusanywa kutoka kila mahali, yakiwamo masanamu ya ibada ya watu wa kawaida na mawe ya makaburini. Yakawekwa katika ngazi pamoja na mengine. Kando ya lile la kwanza wageni walikuwa wameacha sarafu.

Kijana wetu wa miaka tisa akasimama. "Baba," akauliza, "hili si sanamu? Basi nikilikanyaga kuna ubaya gani?"

Mama yao alimtangulia baba kujibu. Alimwambia kwamba sisi hatuabudu masanamu wala hatuyaombi, na hilo halina mjadala. Kisha akamkumbusha kwamba Mwenyezi Mungu ametukataza kuyatukana yale wanayoyaabudu wengine, wasije nao wakamtukana Yeye kwa ujinga. "Na tena," akasema, "jiwe hili lilikuwa la mtu. Pengine aliliweka kwenye kaburi la mzazi wake. Akaja mwenye nguvu akalichukua bila kumwuliza. Je, wewe ungependa?" Kijana akatikisa kichwa, akazunguka upande wa pili. Sote tukamfuata.

Jibu hilo lilitufungulia mlango ambao hatukuutarajia katika kilima cha Japani. Katika vitabu vya fiqhi vinavyosomeshwa vyuoni mwetu mna mlango kamili wa ghasbi, yaani kuchukua mali ya mtu kwa mabavu bila haki. Wanazuoni wamefika mpaka kujadili hukumu ya swala inayoswaliwa katika ardhi iliyoporwa. Wengi wao wamesema swala inasihi lakini mporaji anabaki na dhambi yake, na katika madhehebu ya Imamu Ahmad kauli mashuhuri ni kwamba haisihi kabisa. Haki ya mja haipotei kwa sababu kilichojengwa juu yake ni kizuri, wala haipotei kwa sababu mwenyewe ni wa dini nyingine. Mtume wetu (SAW) alipotaka kujenga msikiti wake Madina, kiwanja kilikuwa cha mayatima wawili, Sahl na Suhail. Walitaka kumpa bure, naye akakataa kukipokea ila kwa thamani yake. Tunaisoma habari hiyo kila mwaka katika Maulidi na madrasa. Pale ngazini Azuchi tuliona kwa macho kinyume chake.

Tulipokaribia juu, kona za njia zilianza kubana, na kuta za mawe makubwa zikatuzunguka pale palipokuwa lango kuu la ndani. Mawe hayo yanasimamisha pumzi. Hayana saruji baina yake. Yameshikamana kwa uzito na kwa ustadi wa waashi. Mwandishi wa habari za Nobunaga, Ota Gyuichi, ametaja jiwe moja lililoitwa Jiwe la Nyoka, ambalo watu 10,000 walilivuta usiku na mchana kwa siku tatu ili kulifikisha kileleni. Padri wa Kireno Luis Frois, aliyeishi Japani zama hizo na kuonana na Nobunaga mara nyingi, aliandika kwamba lilipokuwa likivutwa liliteleza upande, likawaponda watu zaidi ya 150. Jiwe lenyewe halijapatikana hadi leo, pamoja na utafiti wote uliofanywa. Nobunaga tunalijua jina lake. Eitoku tunalijua. Wale 150 hawana hata kibao.

Kileleni pana kiwanja kilichozungukwa na ukuta mfupi, na ndani yake mawe ya msingi yamepangwa safu kwa safu, kila moja likisubiri nguzo ambayo haitarudi. Watoto walirukaruka baina yake mpaka mama yao alipowatuliza. Ukipanda juu ya ukuta unaona kwa mbali. Palipokuwa na maji ya ziwa sasa ni mashamba, kwa kuwa sehemu kubwa ya ghuba ilikaushwa katika karne iliyopita ili ilimwe. Hata ziwa ambalo Nobunaga alilifanya kioo cha mnara wake limeondoka.

Mnara ulisimama miaka mitatu. Mwezi Juni 1582 Nobunaga alikuwa Kyoto na walinzi wachache, amelala katika hekalu la Honnoji. Alfajiri akazingirwa na jeshi la jemadari wake mwenyewe, Akechi Mitsuhide. Alipoona hakuna njia alijiua katikati ya moto, na maiti yake haikupatikana. Mitsuhide aliingia Azuchi na kuzigawa hazina zake, lakini siku 11 baada ya usaliti huo alishindwa vitani na Hideyoshi, akauawa akiwa mkimbizi. Katika siku hizo hizo mnara wa Azuchi ukateketea. Nani aliuchoma? Wapo wanaowalaumu watu wa Mitsuhide, wapo wanaomlaumu mtoto wa Nobunaga, na wapo wanaosema moto ulitoka mjini. Wanahistoria hawajaafikiana.

Frois ameandika jambo jingine zito zaidi. Anasema kwamba mwishoni mwa maisha yake Nobunaga aliamuru watu waje katika hekalu la Sokenji siku ya kuzaliwa kwake, wamwabudu yeye, na akawaahidi watakaokuja mali na umri mrefu. Kisa hiki kinamvutia Mwislamu, maana kinafanana mno na habari za Firauni. Hata hivyo, tuliofunzwa elimu ya hadithi tumeamrishwa kuichunguza khabari kabla ya kuieneza. Frois alikuwa padri mwenye dini yake ya kutangaza, na Ota Gyuichi, aliyekuwa mtumishi wa Nobunaga, hakulitaja jambo hilo. Wapo watafiti wanaolitilia shaka. Basi tunalisimulia kama alivyolisimulia msimulizi wake, na elimu yake iko kwa Mola. Ngazi peke yake inatosha kuwa ushahidi.

Lipo jambo moja ambalo lilitufanya tuone kuwa Azuchi haiko mbali na kwetu kama ramani inavyoonesha. Mwaka 1581 padri wa Kiitaliano Alessandro Valignano alikwenda kuonana na Nobunaga, na katika msafara wake alikuwamo mtu mweusi, mrefu na mwenye nguvu. Watu wa Kyoto walisongamana kumtazama hata vurugu ikatokea. Nobunaga hakuamini kuwa ile ni rangi yake ya asili, akaamuru aoshwe mbele yake. Alipothibitisha, alimpenda, akamchukua katika utumishi wake. Wajapani walimwita Yasuke. Samurai mmoja aliyemwona aliandika katika shajara yake kimo chake, ambacho kwa vipimo vya leo ni kama sentimita 188, na moja ya nakala za habari za Nobunaga inasema alipewa posho, nyumba na upanga mfupi. Padri Mfaransa François Solier, akiandika mwaka 1627, alisema mtu huyu alitoka Msumbiji.

Huu si muujiza. Ni njia ile ile ya bahari. Mwaka 1505 meli za Wareno zikiongozwa na Francisco de Almeida ziliivamia Kilwa, kisha zikaichoma Mombasa. Mwaka 1543 Wareno wakafika Japani na bunduki zao, na bunduki hizo ndizo zilizomsaidia Nobunaga kushinda vita vyake. Meli zilizokwenda Goa na Mashariki zilitia nanga Msumbiji, na watu wa pwani ya Afrika walichukuliwa humo, wengi wao bila ya hiari. Usiku wa Honnoji Yasuke alikuwapo, kisha akaenda kupigana upande wa mtoto wa Nobunaga mpaka alipoweka upanga chini. Mitsuhide aliamuru apelekwe kwa mapadri, na baada ya hapo habari zake zinakatika. Wapo vijana wetu wanaopenda kusema kuwa alikuwa Mwislamu. Hakuna aliyeiandika dini yake, na haifai kumdai mtu kwa dhana. Inatosha kujua kwamba mtu kutoka mwambao wetu alipanda ngazi tulizopanda, na kwamba mama yake, popote alipokuwa, hakujua mwanawe amefika wapi.

Tulishuka kwa njia ya pili, inayopita kwenye mnara wa hekalu wenye orofa tatu na lango la kale, ambavyo ni miongoni mwa majengo machache yaliyosalimika tangu zama za Nobunaga. Swala ya Adhuhuri na Alasiri tuliziswali pamoja, kwa kukusanya na kupunguza, nje ya eneo la hekalu, pembezoni mwa mashamba. Hatukutaka kuwaudhi wenye mahali pao pa ibada. Familia itakayokwenda ijue kwamba kibla cha Japani kiko magharibi, kikielekea kidogo kaskazini. Kwamba ngazi hazimfai mzee mwenye maradhi ya magoti. Na kwamba ni vyema kubeba chakula kutoka nyumbani. Sisi tulibeba wali, mayai ya kuchemsha na tende.

Karibu na stesheni ipo nyumba ya makumbusho yenye mfano wa sakafu mbili za juu za ule mnara, kwa ukubwa wake kamili, uliotengenezwa kwa ajili ya maonesho ya dunia ya Seville mwaka 1992. Watoto walishangaa kwa ile dhahabu. Humo tulisimuliwa pia kwamba Nobunaga alimpa Valignano kiambaza cha kukunjwa kilichochorwa picha ya Azuchi, nacho kikafikishwa Roma na kukabidhiwa Papa Gregori XIII mwaka 1585. Kimetafutwa sana, na hakijapatikana. Ngome imeungua na picha yake imepotea. Mfano ule umejengwa kwa maneno ya waandishi na hesabu za wataalamu.

Siku mbili baadaye tuliswali Ijumaa katika msikiti wa Kobe. Huu ulifunguliwa mwaka 1935, ukiwa msikiti wa kwanza Japani, kwa michango ya wafanyabiashara wa Kihindi na wahamiaji wa Kitatari na Waislamu wengine waliokuwa mjini humo. Mwaka 1945 ndege za vita ziliuteketeza mji pande zote, na msikiti ukabaki umesimama. Mwaka 1995 likaja tetemeko kubwa la ardhi, ukabaki tena. Ilikuwa rahisi kwetu kusema: tazameni, la haki limedumu na la dhuluma limeungua. Lakini tusiwafunze watoto wetu hoja dhaifu. Zipo ngome za samurai ambazo bado zimesimama, kama ile ya Himeji, na ipo misikiti ya mababu zetu Kilwa na Gedi ambayo leo ni magofu. Kudumu kwa kuta si hati ya uadilifu, na kuanguka kwake si hukumu. Mola humhesabu mja kwa namna alivyojenga.

Hapo ndipo sisi tunaohudumu katika kamati za misikiti tunapopaswa kujitazama. Katika miji yetu misikiti inapanda ghorofa, na hilo ni la kumshukuru Mungu. Lakini tunavijua vikao ambavyo saa mbili zinakwisha kwa kujadili urefu wa mnara na rangi ya marumaru, na dakika tano zinabaki kwa mafundi ambao wameshika kofia mlangoni wakidai ujira wa mwezi uliopita, ilhali Mtume (SAW) ametuusia tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Tunavijua viwanja vya warithi ambavyo viliingizwa ndani ya ukuta wa msikiti kabla mjane hajaridhia. Tunazijua karamu za ufunguzi ambazo wafadhili walitajwa kwa majina, na kibarua aliyevunjika mguu katika kazi hiyo hakupelekewa hata kilo ya unga. Hatutaji mahali. Kila kamati inajua daftari lake.

Rai yetu ni nyepesi. Kabla ya kuchangisha kwa ajili ya ghorofa inayofuata, katibu afungue daftari mbele ya waumini na asome mambo matatu: kiwanja kilipatikanaje na nani ameridhia kwa maandishi, mafundi wanadai kiasi gani, na nani aliumia kazini na amesaidiwa nini. Madeni hayo yalipwe kwanza. Na wazazi, mnapowapeleka watoto wenu kuona magofu, yawe ya Azuchi au ya Kilwa, msiishie kuwatajia mfalme aliyejenga. Waulizeni: mawe haya yalitoka kwa nani, na nani aliyabeba?

Tunamwomba Mwenyezi Mungu ajaalie nyumba tunazomjengea ziwe za halali kuanzia jiwe la msingi, awalipe kheri waliozijenga kwa mikono yao, na asitufufue tukiwa na haki ya mja shingoni mwetu. Amin.